Una nyonga ya chuma? MRI unapiga, tena ndiyo inakufaa

Hili nimelisikia mpaka nimechoka jamani. Mtu ana nyonga bandia ya miaka, kinena kinamuuma, namwandikia MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, anashtuka, "Dokta si nina chuma, ile sumaku si itaing'oa?" Juzi mama mmoja kafika mpaka mlangoni pa mashine akageuka, ndugu zake walishamtisha. HAING'OKI. Nyonga bandia nyingi ni titaniamu au kobalti na kromiamu, hazivutwi kama msumari. Ila kama una pesimeka, kile kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, au kitu kingine mwilini sema, hiyo ni habari tofauti.

Halafu kuna wanaokubali haing'oki ila wanasema picha itatoka doa jeusi tu, na hawa wengine ni madaktari wenzangu. Ikipigwa kwa setingi za kawaida ni kweli, chuma kinavuruga usumaku pale kilipo na picha inapinda. Lakini kuna upigaji wa kupunguza huo uvurugaji, tunauita MARS, na mashine ya Tesla 1.5 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) hapa inatoa picha safi kuliko ya Tesla 3, watu wanadhani kubwa ndiyo bora. Mng'ao wa mafuta ya mwili kwenye picha uzimwe kwa njia iitwayo STIR, ile njia nyingine ya kuuzima inaharibika karibu na chuma. Kwa hiyo ukiambiwa "haionekani" usiondoke, uliza kwanza, mlipiga MARS?

Na tunatafuta nini? Nyonga ya chuma ikisagika hutoa vumbi linalodhuru nyama za kando yake. Hatutafuti vumbi lenyewe, chembe zake ni ndogo mno. Tunatafuta lilichofanya: mfuko wa maji kando ya kiungo, ukuta wake umekuwa mnene, wakati mwingine kano za misuli ya kitako zimeshaachia kwenye mfupa.

"Eksirei yangu safi." Eksirei inaona mfupa na chuma, huo mfuko haiuoni.

"Siumwi." Wapo wengi wenye huo mfuko na hawaumwi popote.

"Kobalti kwenye damu iko chini." Vizuri, hicho ni chuma cha vumbi hilo kilichoingia damuni, na Uingereza waliweka mstari wa tahadhari kwenye mikrogramu 7 kwa lita, lakini kuna watu wako chini ya hapo na misuli imeshaliwa.

"Yangu ina plastiki." Kichwa, yaani lile tufe la juu, kikiwa cha chuma, pale kinapokaa juu ya shina lililoingia kwenye mfupa wa paja napo panasagika.

Na ile kadi ya oparesheni yenye aina na namba ya nyonga yako njoo nayo, usiiache kabatini, bila hiyo tunaanza kubahatisha una chuma gani.