Daisy mbili, pua moja

Wifi yangu wa Jinja alinipigia simu akiwa dukani Kampala. Alikuwa anatafuta manukato ya kuvaa kwenye harusi ya mdogo wake, na kaunta ilikuwa na chupa mbili za chapa ya Marc Jacobs: Daisy ya mwaka 2007 na Daisy Eau So Fresh ya 2011. "Zimefanana, nichukue ya bei nafuu?" Nikamwambia asilipe kwanza.

Dhana: mtunzi mmoja wa manukato, jina moja, basi harufu ni moja. Kweli zote mbili ni kazi ya Alberto Morillas, na zote ni eau de toilette, yaani manukato mepesi. Lakini ya kwanza huanza na stroberi na majani ya urujuani, ikaingia kwenye gadenia na asumini, ikatulia kwenye vanila na miski. Ya pili huanza na balungi, rasiberi na pea, ikafuata waridi, na mwisho plamu na mwerezi. Kwangu mimi ya kwanza ni laini. Ya pili imechangamka.

Dhana: harufu ya tunda imekamuliwa kwenye tunda. Ganda la chungwa hutoa mafuta ya kunukia. Stroberi na pea hazitoi, kwa hiyo harufu zake hutungwa maabara. Hiyo si hila wala si jambo geni: harufu ya pichi ya maabara ilikuwemo katika Mitsouko, manukato ya kampuni ya Guerlain, tangu 1919. Muuzaji akikuambia chupa ni ghali kwa sababu ina "juisi halisi", muage.

Dhana: ukinusa mara moja umeshajua. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea, na inaniuma. Matunda ndiyo yanayoruka kwanza, mara nyingi ndani ya nusu saa. Baadaye huja maua, na miski ndiyo utakayoshinda nayo mchana kutwa. Ukiamua kaunta, umenunua dakika za mwanzo tu. Puliza moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto, usisugue, kisha ondoka. Panda teksi, fanya shughuli zako, nusa tena baada ya saa moja, na tena jioni. Joto huzirusha harufu upesi, na ngozi kavu haizishiki. Siku ya kuvaa, paka vaselini kidogo kwanza.

Punje za kahawa wanazokunusisha kaunta ili pua ipumzike? Hazizidi hewa safi ya nje.

Dhana: nisipoisikia, imekwisha. Pua huzoea. Tena wapo watu wasiosikia kabisa aina fulani za miski. Muulize anayeingia kutoka nje kabla hujajipulizia tena.

Wifi akarudi Jinja na mikono yake miwili, bila chupa. Baada ya magharibi akanipigia: wa kulia, wenye Eau So Fresh, ulimfurahisha njia nzima, ila wa kushoto ndio aliokuwa bado anaunusa.