Tanki la tishari halinuki kitu, basi ni salama?

Ukiwauliza vibarua wa bandarini nini huua kwenye tishari (chombo bapa cha kubebea mizigo majini), wengi watakutajia winchi, kamba iliyokatika, mzigo ulioning'inia. Ni kweli, vyote huua. Lakini lipo tanki tupu, limefungwa miezi kadhaa, halijawahi kubeba kemikali. Mtu anafungua kifuniko, ananusa, hasikii kitu. "Hewa safi, shuka."

Pua haipimi oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 21. Chuma kikishika kutu huila oksijeni hiyo, na ndani ya tanki lililofungwa haiingii nyingine ya kufidia. Makaa ya mawe, magogo na chuma chakavu hufanya vivyo hivyo ndani ya ngama, yaani tumbo la chombo linalowekwa mizigo.

Kosa la pili ndilo baya zaidi: "Nikizidiwa nitahisi kubanwa pumzi, nitapanda." Kinachomfanya mtu ahisi kubanwa hasa ni kaboni dayoksaidi kurundikana mwilini. Mle ndani unaendelea kuitoa kama kawaida, basi mwili haukuonyi. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 6, pumzi chache tu na magoti yanalegea ukiwa bado kwenye ngazi.

Halafu mwenzake anamwona kalala, anashuka mbio kumwokoa. Naye hapandi. Barakoa ya vumbi (wengine hufunga kitambaa!) huchuja tu, haiongezi oksijeni. Kinachotakiwa ni feni ya kupuliza hewa, kipimo cha oksijeni kinachoteremshwa kwa kamba hadi chini kabisa, na mtu wa kubaki mlangoni mwenye redio. Huyo haruhusiwi kushuka, hata aliyeanguka akiwa ndugu yake.