Kwa nini mbwa anayelipuka kwa kubweka akiona mtu hutulia akipewa kazi ya kunusa?

Kama mbwa wako bodaboda ikipita tu anaruka na kubweka mpaka kamba inamkaba, watu watakwambia huyo ni mkali. Mara nyingi ni woga. Anabweka ili kile kitu kiondoke, na kwa vile bodaboda kweli inaondoka, anaona amefanikiwa, kesho anazidisha. Ukimpiga ndo unaharibu kabisa, maana sasa bodaboda inakuja pamoja na kipigo.

Pua inaingiaje hapo? Sisi tuna seli za kunusia kama milioni 5 au 6 hivi, mbwa wengine wanafika hata milioni 300. Akinusa kwa bidii anavuta hewa kama mara 5 kwa sekunde, na anayoitoa inapitia kwenye vile vipasuo vya pembeni mwa pua ili isipeperushe harufu iliyo mbele yake. Yaani hapo yeye ni fundi.

Mwaka 2019 watafiti Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichukua mbwa wa nyumbani 20, wengine wakafanya mazoezi ya kutafuta chakula kwa kunusa, wengine ya kutembea sambamba na mwenye mbwa, wiki 2. Kabla na baada wakawawekea bakuli katikati, kati ya upande ambao huwa na chakula na ule ambao huwa mtupu. Wale wa kunusa wakawa wanaliendea haraka kuliko mwanzo, yaani walitarajia kukuta chakula, wenzao hawakubadilika. Walikuwa mbwa wa kawaida tu, lakini kutarajia mema pale usipokuwa na uhakika ndo kitu mbwa mwoga anachokosa! Mimi naona siri ni kwamba kwenye kunusa anaamua mwenyewe, hasubiri amri.

Halafu kwenye mchezo wa K9 Nose Work, wa mbwa kutafuta harufu iliyofichwa, ulioanzia California mwaka 2006, anaingia mbwa mmoja mmoja, kwa hiyo hata asiyevumilia wenzake anapata nafasi.

Nyumbani panga maboksi matano ya kartoni, wazi juu, moja weka dagaa wakavu, halafu nyamaza, usimwoneshe kwa kidole. Utamwona anapita boksi, ghafla kichwa kinageuka kabla ya mwili, pumzi zinakuwa fupi fupi, hapo ameipata. Mwache ale humo humo, umwongezee wengine. Akizoea, weka karatasi zinazotoa sauti zikiguswa ndani ya boksi, atumbukize kichwa kwa hiari yake, huo ndo ujasiri wenyewe unajengeka. Dakika 10 zinatosha, kazi ya pua inachosha kweli.

Baadaye hamieni uani, kisha kwenye nyasi mbali na barabara. Akigoma kula dagaa ujue mko karibu mno na kinachomtisha, rudini nyuma. Na kama ukali umeanza ghafla, mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo, sikio au nyonga ikiuma maboksi hayatamsaidia.