Kaunsela wako ana leseni? Maswali mnayoniuliza kila kliniki

Mimi ni nesi kliniki ya akili hapa Nairobi, na haya maswali nayajibu kila wiki mpaka koo linakauka, kwa hivyo leo nayaandika.

Kaunsela, mwanasaikolojia na daktari wa akili si ni kitu kimoja?
Hapana. Daktari wa akili amesomea udaktari, anaandika dawa. Mwanasaikolojia na kaunsela wanatibu kwa mazungumzo, na wazuri wanasaidia sana. Ila dawa si yao, kuanzisha wala kusimamisha.

Kwani Kenya kuna sheria ya makaunsela?
Iko. Sheria ya Makaunsela na Wanasaikolojia ya 2014, ndio ilileta bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni. Mtu akikwambia "hii kazi yetu haina bodi" amekudanganya kabla hata hujakaa kitini.

Lakini mbona Uingereza serikali haiwaingilii?
Huo mfano wanaupenda sana wanaopinga leseni. 2007 serikali ya huko ilitangaza itawasajili kisheria, wenyewe wakagawanyika, wengine wakasema maongezi ya watu wawili huwezi kuyapima kwa fomu, na 2011 serikali nyingine ikaachana na mpango ikabaki na rejista za hiari, so mpaka leo huko yeyote anaweza kujiita kaunsela tu. Hapa kwetu nasikia pia kwamba ada zitawaumiza wanaosaidia watu mtaani bure, na hapo kusema kweli wana pointi. Lakini mimi si wa mdahalo, mimi niko pale mlangoni mgonjwa akiletwa amebebwa.

Kaunsela amesema niache dawa, eti zinaziba hisia na tiba haitashika.
Usiache. Huyo hana ruhusa ya kukutoa kwenye dawa, awe na cheti cha kozi ya wiki mbili au digrii tatu ukutani. Usiache.

Hata kama nasikia nafuu?
Hata kama! Nafuu yenyewe mara nyingi ni hiyo dawa. Dawa za sonona (depression) huchukua wiki kadhaa kushika, ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, usingizi kukatika, na ugonjwa kurudi. Mwenye bipolar, ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, akikata ghafla anaweza kupanda vibaya sana. Ukitaka kuacha, sema na aliyekuandikia, atakupunguzia polepole.

Ndugu yangu anasema anataka kufa, lakini ana sesheni Alhamisi.
Alhamisi ya nini? Mlete leo, hata usiku, na msimwache peke yake. Hivyo hivyo mama aliyejifungua juzi halali kabisa na anaongea mambo yasiyoeleweka, hiyo ni emajensi, si ya kungoja sesheni wala kesha la maombi. Na msiogope polisi, Mahakama Kuu ilishaamua Januari 2025 kwamba kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Watu wanafichana nyumbani siku nne, tano, halafu wanatuuliza sisi mbona hali ni mbaya.

Kwa hivyo mchungaji au shosho asiniongeleshe?
Jamani, nani amesema hivyo? Shosho aongee, mchungaji aombe, na dawa unameza.

Nitamjuaje mwenye leseni?
Muulize namba yake ya usajili halafu uulizie kwenye bodi. Mwenye nayo hakasiriki. Akianza kukuuliza "huniamini?", chukua kabuti yako.

Nilishaacha dawa kitambo, nikija mtanigombeza?
Mimi nitakugombeza kidogo, daktari hapana. Usijirudishie dozi nzima mwenyewe nyumbani. Njoo kesho asubuhi na pakiti, hata ikiwa tupu, tuone ulikuwa unameza nini.