Alama za SAT: kuzituma au kuziacha? Yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Tangu korona, SAT, yaani mtihani wa kuombea vyuo vikuu vya Marekani, ni hiari katika kila chuo huko.

Si kweli tena. MIT ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022. Dartmouth, Harvard na Caltech zikatangaza hivyo hivyo mwaka 2024. Columbia wakati huo ilibaki na hiari. University of California haizitazami kabisa alama za SAT wala za ACT, mtihani mwenzake, katika udahili, hata uwe na 1600 kamili. Yale inadai mtihani, ila matokeo ya AP (mitihani ya masomo ya ngazi ya chuo kwa wanafunzi wa sekondari) au ya IB (diploma ya kimataifa ya sekondari) yanatosha badala ya SAT. Dartmouth nayo, kwa waliosoma nje ya Marekani, hupokea matokeo ya A-Level au ya mtihani wa taifa unaolingana nayo. Aliyemaliza kidato cha sita Tanzania na asome kifungu hicho vizuri kabla ya kulipia SAT. Soma tovuti ya chuo chenyewe, na uangalie kanuni ya mwaka utakaoanza masomo, maana hubadilika.

Dhana: Ukiwa chini ya alama zinazotangazwa na chuo, usitume.

Hapa ndipo wengi wanapojinyima nafasi. Tuseme chuo kimetangaza 1450 hadi 1540, yaani alama za nusu ya katikati ya wanafunzi wapya waliotuma. Maana yake ni kwamba robo ya waliotuma alama walipata 1450 au pungufu, na wakaingia. Tena hao ni waliotuma tu. Chuo kikiwa na wanafunzi wapya 1,000 na 400 kati yao ndio waliotuma, wale 600 hawamo kwenye hesabu, na aghalabu walioacha kutuma ni wenye alama za chini. Kwa hiyo takwimu hupanda kuliko hali halisi ya darasa. Tafuta hati ya chuo iitwayo Common Data Set, sehemu ya C9: inaonyesha ni asilimia ngapi walituma. Asilimia ikiwa ndogo, usitishwe na zile alama kubwa.

Halafu kuna suala la ulikotoka. Dartmouth, ilipoeleza kwa nini inarudisha mtihani, ilisema waombaji kutoka mazingira magumu walikuwa wakificha alama ambazo zingewasaidia. Alama ya 1400 kutoka shule ya kata isiyo na mwalimu hata mmoja wa kufundisha SAT haisomwi sawa na 1400 ya shule ya kimataifa yenye masomo ya ziada kila Jumamosi. Ushauri wetu: ukiwa katikati au juu, tuma. Ukiwa karibu na ukingo wa chini na shule yako haina historia ya kupeleka watu huko, tuma pia. Ukiwa chini sana, mathalani pointi 150 chini ya ukingo, na chuo kinaruhusu, acha.

Tazama pia mgawanyo. Mwombaji wa uhandisi mwenye 780 ya hesabu na 640 ya kusoma ana jumla ya 1420, lakini ile 780 inamsemea.

Dhana: Unaweza kutuma hesabu peke yake.

Hapana. Unachagua tarehe ya mtihani, si sehemu yake. Vyuo vingi, hata hivyo, huchukua sehemu bora kutoka tarehe tofauti na kuzijumlisha.

Dhana: Hiari inahusu pia KCSE au matokeo ya NECTA.

Hiari ni ya SAT na ACT. Matokeo ya taifa ni sehemu ya rekodi ya shule na yanahitajika. Mitihani ya Kiingereza, yaani TOEFL, IELTS au Duolingo, nayo ina kanuni zake.

Dhana: Lazima ulipie kutuma alama rasmi kila chuo.

Vyuo vingi hukubali ujaze mwenyewe kwenye fomu, kisha ukikubaliwa ndipo ripoti rasmi inadaiwa. Jaza kama zilivyo, tarakimu kwa tarakimu: zikitofautiana na ripoti, nafasi inaweza kufutwa. Kama umeamua kutotuma, mwombe pia mwalimu anayeandaa hati yako ya matokeo asiziandike humo, kwani zikishafika mezani zimeonekana.