Mbingu Kwanza: Anza na Kitubio, Novena Zitafuata

Mkatoliki akiamua kwamba sasa mbingu iwe ya kwanza maishani mwake, hatua yake ya kwanza huwa ni kuongeza vitu. Anaongeza novena (sala za siku tisa), anavaa rozari, anabeba chupa ya maji ya baraka, anajiandikisha kwenye hija ya misheni hapa Bagamoyo. Sina ugomvi na hayo. Ninalowaambia wanaokuja kwangu kwa katekesi ni kwamba mpangilio umepinduka. Kanisa linafundisha kuwa anayekufa katika neema ya utakaso, yaani uzima wa Mungu ndani ya roho, ameokoka, hata akipitia kwanza toharani, kutakaswa baada ya kifo. Swali la kujiuliza kabla ya yote ni hili: leo hii nina neema hiyo, au niliipoteza na sijairudisha?

Neema ya utakaso inapotezwa kwa dhambi ya mauti, nayo ina masharti matatu yanayokwenda pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue ni zito, na aridhie kwa hiari. Likikosekana moja, si dhambi ya mauti. Huku pwani yapo mambo mazito ambayo watu wameyazoea hadi hawayataji tena. Kwenda kupiga ramli au kufunga hirizi ya biashara ni kosa dhidi ya Amri ya Kwanza, hata kama ulikwenda "kujaribu tu". Kuchezea mizani sokoni ni wizi, na wizi hauishii kwenye kuungama. Ulichokichukua kinarudishwa kwa mwenyewe. Mwenyewe asipojulikana tena, kinakwenda kwa maskini. Padri anaweza kukuondolea dhambi, lakini deni la samaki kilo mbili kwa jirani linabaki pale pale hadi ulipe.

Neema iliyopotea inarudi kwa kitubio, yaani kuungama kwa padri, na kuungama kwenyewe kunaharibika kwa namna mbili kubwa. Ya kwanza ni kusimulia. Mtu anaeleza ugomvi wa mawifi dakika kumi, na ya kwake mwenyewe hayasikiki. Kinachotakiwa kwa dhambi za mauti ni aina na idadi, pamoja na mazingira yanayobadilisha aina ya dhambi: "Nimezini na mke wa mtu, mara tatu." Inatosha. Kama idadi huikumbuki, sema "karibu kila wiki kwa mwaka mzima". Anza kwa kutaja ni lini uliungama mara ya mwisho, maana padri anahitaji kipimo hicho.

Namna ya pili ni kuficha. Ukiificha dhambi ya mauti kwa makusudi, kitubio chote ni batili, na Komunyo zinazofuata unazipokea kwa kufuru. Hapo itabidi urudie tangu kitubio kile. Kusahau ni jambo jingine: dhambi uliyoisahau kwa unyofu imesamehewa pamoja na nyingine, nawe utaitaja safari ijayo ukiikumbuka. Kama aibu ni ya paroko anayekufahamu kwa jina, panda daladala uende parokia nyingine. Hakuna sheria inayokufunga kwa paroko wako, na siri ya maungamo inamfunga padri yeyote. Amri ya Kanisa ni kuungama dhambi za mauti walau mara moja kwa mwaka. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Mimi hupendekeza kila mwezi, na siku hiyo hiyo ukianguka vibaya.

Sasa kizuizi ambacho kwa maoni yangu kinawaweka Wakatoliki wengi wa mwambao mbali na Meza ya Bwana: ndoa. Wakatoliki wawili waliofunga ndoa bomani hawana ndoa ya Kanisa, kwa kuwa Mkatoliki anafungwa na utaratibu wa kufunga ndoa mbele ya padri au shemasi mwenye mamlaka na mashahidi wawili. Mkatoliki anayeishi na Mwislamu, hata kama walifunga kwa kadhi, ana kizuizi kingine juu ya hicho, yaani tofauti ya dini. Hicho kinaondolewa kwa ruhusa ya askofu pekee.

Watu wanaogopa kuanza kwa sababu wamesikia kwamba mwenzao atalazimishwa kubatizwa. Si kweli. Anayetoa ahadi ni Mkatoliki: atalinda imani yake, na atafanya yote yaliyo ndani ya uwezo wake watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake anafahamishwa tu kuhusu ahadi hiyo, na wote wawili wanafundishwa maana na malengo ya ndoa. Nenda ofisi ya parokia na cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, si kile kilichofifia ulichopewa ukiwa mtoto, maana cha sasa kinaonyesha pembeni kama uliwahi kufunga ndoa kwingine. Mengine wanakuandikia pale. Mwenzako akikataa katakata kukanyaga kanisani ingawa bado anakutaka kama mke au mume, bado usikate tamaa. Mwombe paroko akueleze juu ya kuponya ndoa kwenye mzizi wake, ambako askofu anaweza kuihalalisha bila kurudia viapo.

Kuna pahala ambapo ruhusa haisaidii, na ni vizuri kuambiwa mapema. Kama mwanamume ana mke mwingine aliye hai, kizuizi ni ile ndoa ya kwanza, na askofu hana ruhusa ya kutoa hapo. Hata talaka iliyotolewa haimalizi jambo; ndoa ile inachunguzwa kwanza. Aliye katika hali hiyo asiache Misa wala sala, na watoto wake wapelekwe ubatizo. Komunyo ndiyo inayosubiri.

Ratiba ya kawaida haina mengi. Misa ya Dominika ni wajibu, na ya Jumamosi jioni inaihesabia, jambo linalowafaa wavuvi ambao maji yakikaa vizuri hawalali nyumbani. Usiku, dakika tano za kuchunguza dhamiri kabla ya kulala: kushukuru, kupitia siku tangu asubuhi, kutubu, kupanga kesho. Katika kutubu huko jizoeze majuto kamili, yaani kujuta kwa kumpenda Mungu uliyemkosea, wala si kwa kuogopa moto peke yake. Majuto hayo, yakiwa na nia thabiti ya kuungama mapema iwezekanavyo, yanaondoa hata dhambi ya mauti. Aliye ndani ya ngalawa usiku na upepo umegeuka hana padri karibu, lakini hilo analo.

Linaloniudhi zaidi ni mgonjwa kuitiwa padri akiwa amekata kauli. Familia inasema, "Tusimtishe." Matokeo yake mtu anakosa kuungama, ingawa alikuwa na akili timamu wiki nzima. Mpako wa Wagonjwa, sakramenti ya kupakwa mafuta, ni kwa yeyote anayeanza kuwa katika hatari kwa ugonjwa au uzee: kabla ya upasuaji mkubwa, au kwa bibi aliyedhoofika hata kama hana ugonjwa wa kutajika. Unarudiwa akizidiwa au akiugua upya. Kwa maiti hautolewi, ila kama kuna shaka kwamba bado yu hai, padri anampaka.

Mwenyekiti wa jumuiya awe na namba ya paroko na ya padri msaidizi. Unapopiga simu sema mambo matatu: mgonjwa anaongea? Anaweza kumeza? Yuko kitanda gani, wodi gani? Nyumbani andaa meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, maji ya baraka, pamba kidogo ya kufutia mafuta na glasi ya maji ya kunywa. Mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo haumhusu mgonjwa wala anayemhudumia. Padri akifika, wote watoke chumbani hadi amalize kumuungamisha, hata mama mzazi. Kama padri hawezi kufika kabisa, Kanisa linampa anayekufa rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu yote ya muda iliyobaki kwa dhambi zilizokwisha kusamehewa, ikiwa ana moyo ulio tayari na alizoea kusali maishani. Msaidieni kwa majuto na Jina la Yesu.

Akishafariki, kinachobaki ni nia za Misa, sala na rehema. Kuanzia Novemba 1 hadi 8, anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu, hata kimoyomoyo, anaweza kuwapatia rehema kamili, moja kwa siku. Masharti: kuungama (kitubio kimoja kinatosha kwa siku hizo zote), Komunyo kwa kila rehema, sala kwa nia za Baba Mtakatifu kwa mfano Baba Yetu na Salamu Maria, na kuachana moyoni na kila dhambi, hata nyepesi. Hilo la mwisho likipungua, rehema inakuwa ya sehemu. Makaburi yoyote yanafaa. Mwenye wazazi waliozikwa Songea hahitaji nauli. Akienda pale misheni walipolala wamisionari waliokuja tangu 1868, wengi wao waliofariki wakiwa vijana, sala yake inawafikia wazazi wake vile vile.