Je, wajua kwa nini mashine ya kiwandani haielewani na kompyuta ya ofisini?

Simama kiwandani pale zamu zinapobadilishana. Mara nyingi utamwona opereta akichungulia kioo cha mashine, anasoma idadi ya vipande vilivyotoka, anaiandika kwa kalamu. Karatasi inapanda ofisini, karani anaiingiza idadi ileile kwenye mfumo wa mauzo na stoo. Namba imetoka kwenye kompyuta na kuingia kwenye kompyuta, na katikati kuna watu wawili na mwandiko unaosomeka kwa kubahatisha. Kwa nini zisipeane zenyewe?

Wengi hudhani kikwazo ni waya. Waya ulishapatikana zamani. Mwaka 1979 kampuni ya Modicon ya Marekani ilitoa Modbus, itifaki ya kuzungumza na PLC, yaani zile kompyuta ndogo zinazoongoza mashine. Hadi leo utaikuta kwenye mita za umeme, pampu na jenereta. Ila Modbus hubeba namba tupu. Ndani ya kifaa kuna safu ya vijisanduku viitwavyo rejista, kila kimoja kinabeba namba kuanzia 0 hadi 65,535. Uliza rejista fulani ina nini, utapewa namba. Ni namba ya nini, kwa kipimo gani? Hilo limeandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji, kama panya hawajakiwahi.

Chukua joto la nyuzi 25. Mtengenezaji akitaka nafasi ya desimali, anaweza kulihifadhi kwenye rejista mbili: moja inakuwa na 16,840, nyingine 0. Anayejua kuziunganisha anapata 25. Anayeisoma ile moja peke yake anaambiwa tanuri lina joto mara tatu ya uso wa jua. Na anayeziunganisha kinyume (wapo watengenezaji wanaozipanga hivi, wapo wanaozipanga vile) anapata desimali ndogo isiyo tofauti na sifuri. Waya ni mzima, ujumbe umefika wote, na jibu ni upuuzi.

Aliyewahi kuuza viazi analijua jambo hili bila kompyuta. Gunia ni gunia, mpaka mnunuzi aje na lake la lumbesa. Na saa je? Mwambie mgeni mkutane saa mbili asubuhi uone atakuja lini. Neno mnalo pamoja, kipimo kila mtu ana chake.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuajiri mtaalamu aandike programu ya kutafsiri kati ya kila mashine na kila mfumo. Kiwanda chenye aina 10 za mashine na mifumo 4 ya ofisini kinahitaji tafsiri 40, na kila programu ikibadilishwa toleo, nyingine zinavunjika. Wote wakikubaliana muundo mmoja katikati, zinabaki 14: kila upande unajifunza lugha moja tu. Ndiyo hesabu iliyoleta muundo wa pamoja uitwao OPC mwaka 1996, na baadaye OPC UA, ambayo leo ni kiwango cha kimataifa IEC 62541. Humo namba huweza kusafiri pamoja na jina lake, aina yake na kipimo chake. Upande wa ofisi nao una ISA-95, inayosema oda, malighafi na kazi ziitwe nini zinapovuka mpaka kati ya uhasibu na karakana.

Mimi navutiwa zaidi na MTConnect, muundo mwingine wa pamoja, kwa sababu unaweza kuisoma kwa macho. Ilianzia Marekani kwa ajili ya mashine za kukereza na kukata chuma. Wazo lilitolewa mwaka 2006, toleo la kwanza likatoka 2008. Kifaa kilichokaa ubavuni mwa mashine hutuma mstari kama huu:

2025-03-10T05:00:00Z|execution|ACTIVE

Yaani: tarehe 10 Machi, saa mbili kamili asubuhi kwa Dar es Salaam au Nairobi, mashine inatekeleza programu yake. Herufi Z mwishoni inamaanisha saa ya dunia, ambayo kwetu unaiongezea matatu. Hakuna wa kubishana saa ya nani. Urefu unapimwa kwa milimita, joto kwa Selsiasi, hata kama ndani mashine inahesabu kwa inchi. Na mawasiliano yakikatika, mfumo hauandiki 0. Unaandika UNAVAILABLE, yaani haijulikani. Hili ni dogo lakini lina akili: mhasibu akiona sifuri atasema vijana wamelala, kumbe kebo imechomoka.

Tena MTConnect ilitengenezwa kwa kusoma tu. Ofisi inaiona mashine, haiiamuru. Mafundi wanaipenda kwa hilo, na siwalaumu. Nani anataka mtu wa ghorofa ya tatu asimamishe kisu kikiwa katikati ya chuma?

Hata hivyo kuna kitu muundo haukiwezi. ACTIVE inasema programu inatembea. Haisemi kama kipande kinachotoka kitauzika. Mashine inaweza kuwa ACTIVE asubuhi nzima huku fundi akiijaribu kwa chuma chakavu, na meneja juu akahesabu asubuhi nzima ya uzalishaji. Ikisimama, data itatoa sekunde iliyosimama. Kwamba imesimama kwa sababu msimamizi wa stoo kaenda msibani na funguo mfukoni, hilo hakuna kihisi kinacholiona. Ndiyo maana viwanda vingi vilivyokwisha kuunganishwa bado vina kioo kidogo pembeni ya mashine chenye vitufe vya sababu: hakuna malighafi, kisu kimevunjika, nasubiri fundi. Opereta anabonyeza kimoja, anaendelea na kazi.